Majibu Yenye Sahihi ya Sekela

Sekela Mwaipopo alikwisha kufukuzwa kazi mara mbili kabla ya kufika pale alipo, na mara zote mbili kosa lake lilikuwa moja: alikataa kuandika kitu ambacho hakukiona.

Mara ya kwanza ilikuwa Temeke, kwenye zahanati ya mtu binafsi, yeye akiwa binti wa miaka ishirini na sita aliyetoka chuoni na diploma yake ya maabara. Mwenye zahanati alitaka kila anayeingia na homa atoke na taifodi. Asubuhi moja Sekela akaandika "hakuna" kwenye karatasi kumi na moja mfululizo. Mwenye zahanati akamfuata mezani. "Wewe binti, watu wametoka makwao kuja kutafuta ugonjwa, wewe unawarudisha hivihivi?" Sekela alidumu pale wiki tano. Mara ya pili ilikuwa Mbagala, alipomwaga kwenye sinki dawa za kupimia zilizopitwa na tarehe, mwajiri wake akiwa amesimama anamtazama.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na minane. Kwa miaka kumi na minne alikuwa kwenye hospitali moja ya binafsi katikati ya Kawe na Mbezi Beach, jengo la ghorofa nne lenye wodi ya wazazi iliyokuwa na sifa. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, baada ya stoo. Humo ndimo alimoshinda na vijidudu. Kazi yake ilikuwa kuchukua damu, mkojo au usaha wa mgonjwa, kuotesha kwenye sahani zenye chakula cha vijidudu, kuziweka kwenye kabati la joto linalolingana na joto la mwili, kisha kusubiri. Kinachoota anakitia rangi, anakitazama kwa hadubini, anakipima mpaka anajua jina lake na dawa inayokiua. Ukimwuliza majibu lini, jibu lake lilikuwa lilelile: "Siku mbili." Manesi wakampachika jina la Mama Siku Mbili, naye akaitika.

Aprili ile mvua zilikuwa zinamwagika, na njia ya kwake Wazo ilikuwa tope tupu lililochanganyika na vumbi la malori. Jumatatu asubuhi akaletewa chupa ya damu kutoka wodi ya wazazi, chumba cha watoto wachanga. Mtoto wa kiume, siku ya nne tangu azaliwe, amezaliwa kabla ya wakati wake, anakataa kunyonya, joto linapanda na kushuka. Jina la mama: Yustina Alfonsi.

Jumanne alipofungua kabati, chupa ilikuwa imechafuka, maji yake yamekuwa kama togwa. Akachukua tone, akalikausha kwenye kioo, akalitia rangi. Chini ya hadubini vikajitokeza vijiti vifupi vya rangi ya waridi, vinene, vimejaa kila pembe. Sekela hakungoja siku ya pili. Akainua simu.

"Daktari Brightson, mtoto wa Yustina. Kuna bakteria kwenye damu, jamii ya vijiti. Mnampa dawa gani?"

"Shikamoo mama. Ampisilini na jentamaisini." Brightson alikuwa daktari kijana wa watoto, na sauti yake siku hiyo ilikuwa imechoka. "Ila haitiki, mama. Tangu jana anazidi kuzama."

"Naanza kupima dawa sasa hivi, moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Haitakuwa majibu kamili, lakini kesho asubuhi nitakuwa na kitu cha kukwambia."

Hivyo sivyo kitabu kinavyotaka. Kitabu kinataka uoteshe kwanza, usubiri, ndipo upime dawa. Sekela alijua namna ya kuokoa siku moja, akaiokoa. Haikutosha. Saa kumi jioni Jumanne hiyohiyo mtoto wa Yustina akafariki.

Jumatano sahani zilikuwa zimeota. Madoa makubwa ya waridi, yaking'aa, yamevimba. Alipoligusa moja kwa ncha ya waya na kuinua, likavutika uzi mrefu kama mlenda. Alishaujua uzi ule, na jina la kijidudu chake. Klebsiella. Akaitazama sahani ya dawa: vile vipande vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dawa vilikuwa vimepangwa juu yake, na kila dawa inayofanya kazi huacha duara tupu kuizunguka. Ampisilini haikuacha duara. Jentamaisini nayo vilevile. Zile sindano kali ambazo watu wa mjini wanazikimbilia kwa kila homa, hakuna hata moja iliyoacha kitu. Kulikuwa na duara moja tu la maana, la amikasini.

Na mezani kwake palikuwa na chupa mbili mpya. Watoto wawili wengine, wodi ileile, homa ileile.

Akapiga simu tena. "Brightson, hao wawili usingoje majibu yao. Wape amikasini leo."

"Una uhakika, mama?"

"Nina uhakika na wa kwanza. Hao wawili wamelala mita mbili kutoka kitanda chake. Wape."

Brightson akawapa.

Alhamisi chupa zote mbili zilikuwa zimechafuka, vijiti vilevile, mlenda uleule. Kijidudu kimoja kwa watoto watatu hakiji kwa bahati. Kuna mahali kinakaa, na kutoka hapo kinatembea. Sekela akaandika majibu matatu, akatia sahihi, akayapeleka.

Baada ya saa moja akaitwa ghorofa ya nne.

Daktari Ferdinand, mkurugenzi, hakuwa mtu mbaya. Wodi ya wazazi aliijenga yeye, kwa miaka tisa, na wanawake wengi wa Kawe walikuwa wanamwombea dua. Alimkaribisha kiti. Karatasi tatu zilikuwa mbele yake.

"Bi Sekela, hizi sampuli huenda zilichafuliwa wakati wa kutoa damu. Unajua mwenyewe, mtoto mdogo, mshipa mdogo, ngozi haikusafishwa vizuri."

"Vijidudu vya ngozi navijua, daktari. Siyo hivi."

"Nakuomba uandike kwamba ni uchafu wa sampuli. Urudie kupima. Wiki ijayo wakaguzi wanakuja."

"Kurudia nimerudia. Nimepata hichohicho."

Ferdinand akavua miwani. "Wakisikia, wataifunga wodi. Wodi ikifungwa, hawa kina mama wakajifungulie wapi? Umelifikiria hilo?"

Sekela alikuwa amelifikiria tangu asubuhi. Akajibu, "Tukinyamaza, wa nne anaingia. Afadhali ifungwe siku chache ikiwa safi kuliko iwe wazi inaua."

"Chunga maneno yako."

"Kalamu hii hapa, daktari. Ukitaka neno 'uchafu' liandikwe, andika wewe na utie sahihi yako. Yangu ilishaandikwa."

Ferdinand hakuichukua kalamu. Akasema, taratibu sana, "Kazi yako iko maabara. Nisikuone wodini."

Jioni hiyo, nyumbani Wazo, alimsimulia mume wake. Benson alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu wa maneno machache, na alishamwona mkewe akirudi na vitu vyake kwenye boksi mara mbili. Akasikiliza mpaka mwisho, kijiko kikiwa mkononi.

"Umekagua vizuri?"

"Mara tatu."

"Basi jibu ndilo hilo," akasema Benson, akaendelea kula.

Ijumaa asubuhi Sekela akajaza trei yake vijiti vya pamba, akapanda ghorofa ya pili, akagonga mlango wa wodi aliyokatazwa.

Aliyefungua ni Matroni Mauwa. Mauwa alikuwa mzaliwa wa Kilwa, mwanamke mnene wa miaka karibu sitini, ushungi mweupe, na wodi ile aliiendesha kama jiko lake mwenyewe. Habari za zile karatasi tatu zilikuwa zimemfikia, na zilikuwa zimemchoma.

"Umekuja kutafuta nini, Sekela?"

"Shikamoo dada. Natafuta kijidudu kinakaa wapi."

"Marahaba. Kwangu hakikai. Miaka thelathini na moja nashika watoto wa watu, na humu hagusi mtoto mtu ambaye hajanawa. Hata daktari namrudisha sinki. Wewe mwenyewe hapo ulipo hujanawa."

"Nakujua, dada. Ndiyo maana nimeanza kwako. Naomba nikupime mikono."

Manesi wawili waliokuwa wanakunja nepi wakasimama. Mauwa akamtazama Sekela kutoka kichwani hadi viatuni.

"Mikono yangu mie?"

"Kabla ya kunawa, na baada ya kunawa. Ikiwa safi, nitaandika safi na nitatia sahihi. Wote wanajua siandiki uongo."

Hilo la mwisho ndilo lililomshika. Mauwa akanyoosha mikono, ikapitishwa pamba. Kisha akaenda sinki na kunawa mbele ya watu wote, namna anavyowafundisha wanafunzi: viganja, katikati ya vidole, kucha, mpaka viwiko. Akajikausha kwa karatasi, akaitoa tena mikono yake mbele kama bibi harusi anayepakwa hina.

"Chukua ya kulia. Na ya kushoto chukua, usije ukasema nimekuficha."

Sekela akachukua yote. Akapima mzani wa watoto, vitasa, mabomba, mipira ya kunyonyea makohozi, meza ya dawa. Alikuwa anafunga trei yake alipoiona chupa ya sabuni ya maji kando ya bomba. Ilikuwa kubwa, ya plastiki, ya kubonyeza juu. Akaifungua. Ndani, ukutani mwa chupa, palikuwa na utando laini unaoteleza.

"Hii mnaioshaga?"

Nesi mmoja akajibu, "Inaongezwaga tu, mama, sabuni ikipungua."

"Sabuni yenyewe inatoka wapi?"

"Stoo. Inakuja nzito kwenye madumu, wanaizimua na maji ya tangi ili ikae muda mrefu."

Sekela akaingiza kijiti cha mwisho.

Jumamosi hakuwa na zamu, lakini alikuwa maabara saa moja na nusu. Akazitoa sahani moja moja. Mzani: hakuna. Vitasa: vijidudu vya kawaida, vya kila mtu. Mikono ya Mauwa kabla ya kunawa: madoa machache madogo meupe, ya ngozi, yasiyo na neno. Mikono ya Mauwa baada ya kunawa: sahani nzima ya waridi. Na ile ya sabuni haikuhesabika, ilikuwa imefunikwa ukingo kwa ukingo, na alipoigusa uzi ukavutika.

Akakaa kitini. Wale manesi walikuwa wananawa kabla ya kila mtoto. Aliyekuwa mwangalifu zaidi ndiye aliyekuwa anabeba zaidi.

Akampigia Mauwa aje. Mauwa akaja, akasimama mbele ya meza, na Sekela akamwekea sahani mbili kando kwa kando bila kumweleza kitu, ila kumwonyesha maandishi chini yake.

"Hii ni kabla?"

"Ndiyo."

"Na hii..." Mauwa akainama. Akaisoma tarehe, akalisoma jina lake. "Hii ni mie? Nimeshanawa?"

"Umeshanawa, dada. Siyo wewe. Ni sabuni."

Mauwa akashika ukingo wa meza. "Yule mtoto wa Yustina nilimbadilisha mie mwenyewe," akasema. "Nilinawa mara mbili kwa sababu alikuwa dhaifu." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya ushungi, na alipomaliza kuyafuta uso wake ulikuwa mwingine. "Nipe glovu."

Akapanda wodini, akakusanya kila chupa ya sabuni, sinki zote, ghorofa zote nne, akazifunga kwenye mfuko mwekundu wa taka za hatari. Akashuka stoo, akakuta madumu manne yaliyozimuliwa, akayawekea karatasi kubwa: *Yasiguswe. Matroni Mauwa.* Mtunza stoo alipomwuliza kibali kiko wapi, akamwambia kibali kiko kwenye sahani maabara, akakitazame. Mchana ule wodi ikanawa kwa vipande vipya vya sabuni ya kawaida vilivyonunuliwa dukani ng'ambo ya barabara, kila sinki kipande chake.

Sekela naye akaandika ripoti ya kurasa mbili: watoto watatu, kijidudu kimoja, sabuni, dawa zilizoshindwa. Nakala moja kwa mkurugenzi. Nakala ya pili kwa mganga mkuu wa manispaa, kwa sababu ugonjwa unaoenea wodini hutolewa taarifa. Zote mbili akazipeleka Jumatatu asubuhi kwa mkono wake, na kote akadai wamgongee mhuri wa kupokelewa.

Aliporudi, akamkuta Yustina mlangoni pa maabara.

Hakuwahi kumwona kabla. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili hivi, khanga mbili, macho yamevimba. Mume wake Alfonsi, mchonga vinyago wa kutoka Masasi, alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imekakamaa kwa patasi, hajui aiweke wapi.

"Shikamoo mama. Wameniambia wewe ndiye uliyepima damu ya mwanangu."

"Marahaba mwanangu. Pole sana."

"Sitaki pole, mama. Nisamehe. Pole nimepewa na kila mtu. Daktari mkubwa ameniambia ni kazi ya Mungu. Mie Mungu namwamini, lakini nimezaa, sikuota ndoto. Nataka kujua nini kilimwua."

Sekela alijua anachotakiwa kusema. Alitakiwa kusema nenda ofisi ya mkurugenzi. Akafungua mlango. "Ingieni mkae."

Akawaeleza kwa Kiswahili cha nyumbani, bila kupunguza. Kwamba ni kijidudu kinaitwa Klebsiella. Kwamba kiliingia kwenye damu, na dawa za kwanza hazikukiweza. Kwamba yeye alikijua siku moja baadaye kuliko ilivyohitajika.

"Kilitoka wapi?"

"Kwenye sabuni ya kunawia mikono. Ile ya wodini."

Alfonsi akaangalia sakafu. Yustina hakulia. Aliitazama mikono yake, akaigeuza.

"Mie nilikuwa nanawa kila nikienda kumwona," akasema polepole. "Walituambia tunawe. Nilikuwa nanawa mpaka manesi wananicheka. Kumbe ni mie?"

"Hapana." Sekela alilisema kwa ukali, kwa sababu aliona neno lile litakavyomla huyu msichana kwa miaka yote iliyobaki. "Nisikilize, Yustina. Ulifanya ulichoambiwa, na ulichoambiwa kilikuwa sahihi. Manesi walifanya hivyo. Matroni alifanya hivyo. Walioiharibu sabuni ni waliokuwa wanaizimua na kuiongeza bila kuosha chupa, na waliokuwa juu yao ambao hawakuuliza. Siyo wewe. Nitakuandikia."

"Utaniandikia kweli?"

"Ni damu ya mwanao. Majibu ni yako."

Akatoa nakala, akagonga mhuri, akatia sahihi. Yustina akalisoma jina la kijidudu herufi kwa herufi, midomo ikicheza, kama mtu anayejifunza jina la adui ili asije kulisahau. Kisha akainuka.

"Alfonsi, twende ghorofa ya nne."

Hawakupiga kelele huko juu. Walikaa kwenye viti vya nje ya ofisi ya mkurugenzi tangu saa nne mpaka saa tisa, karatasi ikiwa mapajani, na kila katibu alipowaambia daktari ana kikao, Yustina alijibu kwamba watamsubiri. Matroni Mauwa alipanda saa saba na chapati na chai, akakaa nao, akiwa na sare yake nyeupe, mbele ya wote waliopita. Saa tisa Ferdinand akawafungulia mlango.

Watu wa manispaa walikuja Jumatano, wakachukua sampuli zao wenyewe, wakapata kilekile. Wodi ilifungwa siku sita ikasafishwa. Kina mama wa siku hizo walipelekwa kwingine, na haikuwa rahisi. Mmoja alijifungulia njiani, akiwa salama. Wale watoto wawili wa amikasini walitoka wakiwa wazima, mmoja baada ya siku kumi, mwingine baada ya siku kumi na tatu. Madumu yakaondolewa, na ikaandikwa ukutani kwamba chupa ya sabuni ikiisha inatupwa. Hakuna mtoto mwingine aliyepata homa ile. Yustina na Alfonsi wakapewa barua ya hospitali iliyoeleza kilichotokea na kuomba radhi, yenye sahihi ya Ferdinand. Mtoto hakurudi. Hakuna barua inayoweza hilo, na Yustina alimwambia Sekela hivyo waziwazi. Lakini barua alienda nayo.

Sekela naye alipewa barua yake. Ilikuwa ya onyo: kuingia wodini bila idhini, kupeleka taarifa nje bila idhini, kumpa ndugu wa mgonjwa majibu bila idhini. Chini palikuwa na mstari wa kutia sahihi kwamba amekubali kosa. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa koti. Hakufukuzwa. Baada ya yale, mtu wa kumfukuza angehitaji kueleza mbele ya watu wa manispaa ni kwa nini.

Mwezi wa saba, wakati mvua zimeshasahaulika, walikutana na Ferdinand kwenye ngazi, yeye anapanda, Sekela anashuka na trei ya sahani.

"Bi Sekela, afisa utumishi ananiambia ile barua bado hujaisaini."

"Bado, daktari."

"Sasa utaisaini lini?"

"Siku utakayoibadilisha ukaandika nilikosea wapi," Sekela akasema, "nami nitaisoma, nikiona ni kweli nitasaini siku hiyohiyo."

Ferdinand akasogea ukutani, akampisha apite na trei yake.